Chujio la Makunjo na Hesabu Niliyoipuuza

(Hotuba iliyotolewa Bukoba na mhandisi mmoja, mwanafunzi wa zamani, mbele ya mkutano wetu wa mwaka. Tumeiacha kama alivyoisema, ila salamu za mwanzo tumezifupisha.)



 Katika barua yenu mliniomba nizungumzie mafanikio ya uhandisi. Nimeifikiria barua hiyo njia nzima, tangu Biharamulo hadi Muleba, na kutoka Muleba hadi hapa, nikaona kwamba mafanikio yana wasemaji wengi, na mimi si lazima niongeze sauti yangu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya kitu kimoja kidogo, yaani chujio la chuma lililokunjwakunjwa, ambalo hutumika kusafisha gesi za viwandani zenye joto na mgandamizo mkubwa. Na nitawaeleza kosa nililolifanya nilipolibuni chujio la namna hiyo. Panapochekesha chekeni, lakini mwisho wake hauchekeshi.

Ndugu zangu, isije ikadhaniwa kwamba habari za gesi za moto ni ngeni katika nchi hii ya Kagera. Ukitoka Muleba kuja Bukoba unapita Kemondo. Vijana wengi wanaijua Kemondo kuwa ni bandari. Wanaakiolojia wanaijua kwa sababu nyingine: hapo wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya zamani sana, yaliyotumika zaidi ya miaka elfu moja kabla hajafika Mzungu yeyote. Darasa letu lilikuwa shuleni wakati vita vya Kagera vilipoanza, Oktoba 1978. Mwaka huo huo, Wamarekani wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kuhusu uhunzi wa Wahaya, baada ya wazee wahunzi kuwaonyesha kazi yenyewe kwa vitendo. Walisema kwamba mirija ya udongo ya kupitishia hewa iliingizwa mpaka ndani ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ilipata moto kabla ya kuufikia mkaa, na tanuri likawa kali kuliko ilivyodhaniwa. Wataalamu wengine waliibisha hoja hiyo baadaye, na mabishano ni sehemu ya sayansi. Lakini jambo moja halina ubishi: babu zetu walijua kwamba hewa ni kitu cha kushughulikiwa, kina joto lake, kina njia yake, na ukiikosea njia, chuma hakipatikani.

Sasa, gesi ninazozungumzia mimi ni zipi? Ukichukua makaa ya mawe, au mabaki ya mimea, ukayapa hewa kidogo ndani ya tanuri lililofungwa na lenye mgandamizo, hupati moto wa kawaida. Unapata gesi inayowaka, na gesi hiyo inatoka ikiwa na joto la mamia ya digrii, imejaa majivu laini na masizi. Viwanda vya kusafisha mafuta na viwanda vya kemikali navyo vina gesi za moto zinazobeba unga wa vichocheo, ambao una thamani kubwa na haupaswi kupotea hewani.

Katika nchi yetu gesi yenye mgandamizo si jambo la hadithi tena. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Hiyo ni gesi safi ukiilinganisha na ya makaa, na haina moto ninaouzungumzia, lakini hata hiyo huchujwa mchanga, kutu na matone kabla haijafika kwenye mashine. Sababu ni moja. Mashine ya gesi, yaani tabaini, ina mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa mno. Chembe ya vumbi ya maikroni chache, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, ikiligonga panga mara moja si kitu. Zikigonga chembe milioni kila saa, panga linalika kama jiwe la kusagia. Na gesi ile ile ikiachwa kutoka nje bila kuchujwa, chembe hizo hizo zinaingia mapafuni mwa watu. Chembe zikiwa ndogo kuliko maikroni 10 zinashuka kifuani, na zile ndogo zaidi zinakwenda ndani kabisa, mahali ambapo kikohozi hakizifikii.

Najua kuna kijana anataka kuuliza: mbona msiipoze gesi kwanza, mkaiosha kwa maji? Swali zuri. Inawezekana, na viwanda vingi hufanya hivyo. Lakini ukiipoza umelitupa joto ulilolilipia kwa makaa, na maji uliyooshea yamekuwa machafu, nayo yanatafuta mahali pa kumwagwa. Hapa kwetu sote tunajua maji yote yanaelekea wapi. Yanaelekea ziwani. Kwa hiyo ni bora kuichuja ikiwa bado ya moto.

Tuingie katika kazi yenyewe. Chujio ni nini? Kila mtu aliyekulia kijijini hapa amewaona wazee wakitengeneza rubisi. Ndizi mbivu zinakandwa pamoja na nyasi, na maji ya ndizi yanachujwa kwa kupita katika fungu la nyasi. Nyasi zikiwa chache mno, makapi yanapita. Zikishindiliwa mno, maji hayashuki, na mwenye kazi anakaa akisubiri mpaka jua linazama. Elimu yote ya machujio imo humo. Chujio lina kazi mbili zinazopingana, kuzuia na kupitisha, na mbunifu ndiye hakimu kati yake.

Chujio la gesi ya moto hutengenezwa kwa kauri au kwa nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu, zilizoshikanishwa kwa moto mkali mpaka zikawa kama blanketi jembamba. Gesi inapita, vumbi linabaki juu ya uso. Baada ya muda vumbi lenyewe linafanya tabaka, nasi mafundi huliita ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Ukoko huo si adui. Ukiwa mwembamba, ndio unaochuja vizuri kuliko chuma chenyewe. Ukiwa mnene, unaziba. Hapo tunapiga pigo la kinyume: gesi safi yenye mgandamizo mkubwa zaidi inarushwa kutoka ndani kwenda nje kwa muda mfupi kuliko nusu ya sekunde, ukoko unabanduka, unaanguka chini ya tangi, na kazi inaendelea bila kuzima mtambo. Gesi ikiwa ni ya kuwaka, pigo hilo halipigwi kwa hewa ya kawaida, bali kwa naitrojeni. Atakayesahau hilo anaingiza hewa mahali penye gesi na moto, na matokeo yake hamhitaji mhandisi kuyaeleza.

Sasa hesabu. Naomba walimu wa fizikia wanisahihishe. Tuchukue gesi ambayo katika digrii 27 na mgandamizo wa kawaida wa hewa ingejaza mita za ujazo 1.04 kwa kila sekunde. Tuipashe moto hadi digrii 450. Kwa kipimo cha Kelvin tumetoka 300 tukafika 723, kwa hiyo gesi imevimba mara 2.4, ikawa mita za ujazo 2.5. Tuibane kwa mgandamizo mara 5 ya ule wa kawaida: inarudi mpaka nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Mnaona faida ya kuchuja chini ya mgandamizo: tangi linakuwa dogo.

Lakini joto lina hila yake. Mafuta ya kupikia ukiyapasha moto huwa mepesi. Gesi ni kinyume: ikipata moto mnato wake huongezeka. Hewa ya digrii 450 ina mnato wa karibu mara 1.8 ya hewa ya digrii 27, na kuibana hakuupunguzi mnato huo. Maana yake ni kwamba kwa mwendo ule ule, chujio lile lile linaipinga gesi ya moto karibu mara mbili. Mwanafunzi anayechukua vipimo vya maabara vilivyopatikana kwa hewa baridi, akavipeleka kiwandani bila kuvirekebisha, ameanza vibaya.

Kwa sababu hiyo gesi lazima ipite polepole sana katika chujio. Tuseme sentimita 2.5 kwa sekunde, mwendo wa konokono mwenye haraka. Nusu mita ya ujazo ukiigawa kwa mwendo huo, unahitaji mita za mraba 20 za chujio. Ukitumia mirija ya duara isiyokunjwa, yenye kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa mita moja na nusu, kila mmoja una mita ya mraba 0.28. Utahitaji mirija 71. Hilo ni tangi kubwa, la chuma kinene kwa sababu ya mgandamizo, na bei yake inaumiza.

Hapo ndipo makunjo yanapoingia. Waangalieni wasichana wa shule wenye sketi za marinda. Kiuno ni kile kile, lakini kitambaa ni kingi. Chukueni silinda ya urefu wa mita moja na kipenyo cha nje cha sentimita 15. Uso wake wa nje, bila kukunjwa, ni mita ya mraba 0.47. Sasa kunjeni blanketi la chuma mara 60 kuizunguka silinda hiyo, kila kunjo likiwa na kina cha sentimita 2.5. Kila kunjo lina kuta mbili. Zidisheni: 60 mara 2 mara 0.025 mara 1. Mnapata mita za mraba 3. Silinda moja imefanya kazi ya silinda sita na zaidi, na silinda 7 tu zinatosha mahali pa mirija 71.

Nilipoijua hesabu hii kwa mara ya kwanza niliona kama nimepata dawa ya kila ugonjwa. Nikajisemea: ikiwa makunjo 60 yanatoa mita 3, makunjo 100 yatatoa mita 5, na badala ya silinda 7 nitahitaji 4 tu!

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye kosa langu.

Nilikuwa bado kijana, sina miaka mingi tangu nitoke Chuo Kikuu. Kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja na ambacho hakimo katika mkoa huu, kilikuwa na mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi, wa kiasi nilichokieleza hivi punde. Niliandika ripoti yangu ya silinda 7. Ikarudi na maneno machache ya mkuu wangu: tangi la silinda 7 ni ghali, je, haiwezekani kulipunguza? Naomba mnielewe vizuri. Sikulazimishwa. Niliulizwa swali, na swali lilistahili jibu la hesabu. Usiku ule nilikaa mezani nikaifanya hesabu ya pili, ile ambayo nimekuja kuwafundisha leo. Ilikuwa hivi.

Mzingo wa silinda ya sentimita 15 ni milimita 471. Kwa makunjo 60, kila kunjo linapata nafasi ya milimita 7.8 kwenye mzingo. Blanketi pamoja na wavu wa kulishikilia ni milimita 1.2, na kuta ni mbili, toa 2.4. Mdomo wa kunjo unabaki milimita 5.4. Vumbi likijenga ukoko wa milimita moja kila upande, mdomo bado una milimita 3.4 za kupitisha gesi kuingia na vumbi kutoka. Kwa makunjo 100, nafasi ni milimita 4.7. Toa 2.4, unabaki na 2.3. Toa ukoko wa pande mbili: inabaki milimita 0.3. Na hapo ni mdomoni. Ndani zaidi kunjo linazidi kuwa jembamba, kwa hiyo huko nafasi imekwisha zamani.

Niliiona namba hiyo, 0.3. Nikaitazama. Kisha nikajiambia kwamba pengine ukoko hautafika milimita moja, pengine mapigo ya kinyume yatakuwa ya mara kwa mara. Nikaandika silinda 4. Tangi likanunuliwa, nami nikasifiwa.

Siku za kwanza mtambo ulikwenda vizuri. Wiki ya pili saa ya mgandamizo ilianza kupanda. Tukaongeza mapigo. Lakini vumbi lililobanduliwa kutoka kunjo moja lilirukia kunjo la jirani, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuanguka. Majivu yakajenga daraja kutoka ukuta mmoja wa kunjo hadi mwingine, na daraja likijengwa, pigo haliliondoi, maana gesi ya pigo hukimbilia pale palipo wazi. Mwishowe makunjo yote yalijaa, silinda zikawa kama magogo. Mita zangu za mraba 20 zilibaki zimeandikwa kwenye karatasi. Zilizokuwa zikifanya kazi ni zile za uso wa nje tu, silinda nne mara 0.47, hazifiki hata mita 2. Gesi ikapita kwa kasi mara kumi ya ile niliyoipanga, na silinda moja ikabonyea.

Mtambo ukazimwa. Tukasubiri upoe. Nilipima joto kwenye ukuta wa tangi, nikaona linashikika kwa mkono, nikatoa ruhusa lifunguliwe. Sikufikiri kwamba majivu yaliyoshindiliwa ni blanketi. Yanalinda joto ndani yake kama majivu ya jikoni yanavyolinda kaa la moto hadi asubuhi. Tena majivu ya gesi ya makaa yana mkaa usiowaka ndani yake. Fundi alipoigonga silinda ili ayaangushe, yalimwagika, yakakutana na hewa, yakashika moto mikononi mwake.

Fundi huyo alikuwa kijana wa Muleba. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile. Baba yake alinikabidhi yeye kwa maneno, kama tunavyokabidhiana watoto sisi watu wa huku. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena sawasawa. Hawezi kukamata panga shambani mwa migomba.

Nilikwenda Muleba kumwona mzee. Nilimkuta kibanjani, nikamwamkia kama desturi. Akaniitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, chujio, makunjo, majivu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza neno moja tu: "Je, ulijua?"

Ndugu zangu, nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema kwamba teknolojia ilikuwa mpya, kwamba wakubwa walitaka hivyo, kwamba ajali haina kinga. Lakini nilikuwa nimeiona ile 0.3. Nikamjibu, "Nilijua, mzee. Hesabu ilinieleza, nikaipuuza." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ukawaambie wengine." Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Baadaye, nikisoma, niligundua kwamba hata mataifa makubwa yalijikwaa kwenye jiwe hilo hilo. Katika jimbo la Ohio, Marekani, palikuwa na mtambo wa majaribio ulioitwa Tidd, uliochoma makaa ya mawe chini ya mgandamizo kuanzia 1991 hadi 1995. Waliweka machujio ya mirija ya kauri kwa mamia. Majivu yakajenga madaraja kati ya mirija, mirija ikapinda, ikavunjika. Na dawa waliyoipata inashangaza. Kabla ya chujio palikuwa na kifaa cha kuzungusha gesi ili chembe kubwa zitolewe kwanza, na chembe laini tu ndizo zilizofika kwenye kauri. Walipokizuia kifaa hicho na kuziacha chembe kubwa ziingie pia, madaraja yakapungua! Ukoko wa unga laini mtupu unanata kama ugali. Ukoko wenye chembe kubwa unabanduka kirahisi. Waliongeza vumbi, chujio likapata nafuu. Kwa hiyo mbunifu asitazame wingi wa vumbi peke yake. Alishike mkononi, alijue tabia yake.

Kwa vijana watakaoifuata kazi hii, nawaachia mambo manne.

La kwanza, eneo linalohesabiwa ni lile ambalo gesi inaweza kuliingia na vumbi linaweza kulitoka. Makunjo yakiongezeka kutoka machache, upinzani wa chujio hushuka. Hufika mahali pa chini kabisa. Ukiendelea kuongeza hupanda tena, kwa sababu gesi inasongamana ndani ya makunjo yenyewe. Tafuteni mahali pale pa chini, kisha mrudi nyuma kidogo kwa ajili ya ukoko. Na kati ya silinda na silinda acheni nafasi. Gesi ikipanda kwa kasi katikati yake, vumbi lililobanduka halianguki.

La pili, chuma cha moto hurefuka. Silinda ya mita moja ya chuma kisichoshika kutu, ikitoka digrii 27 kufika 450, inaongezeka milimita 7 hivi. Ukiibana juu na chini, itapinda au itapasuka kwenye mishono. Iacheni ining'inie.

La tatu, msiingize gesi chafu katika tangi la baridi. Mvuke na lami zitaganda juu ya chujio, vumbi litakuwa tope, na tope likikauka huwa saruji. Pasheni tangi kwanza kwa gesi safi.

La nne, chagueni chuma kwa kuijua gesi. Kauri inavumilia moto mkali zaidi, lakini ikishachomwa haikunjiki. Chuma kinakunjika, ila kunjo likiwa kali mno nyuzi zinakatika, na tundu dogo kwenye kunjo moja linaharibu kazi ya makunjo yote. Vyuma vya kuvumilia moto vina kromi na nikeli ndani yake, na nikeli nayo inaogopa salfa. Hapa nawakumbusha kwamba nikeli ipo Kabanga, wilaya ya Ngara, katika mkoa wetu huu huu. Nisingependa ichimbwe ikasafirishwa bila hata kijana mmoja wa Kagera kujua inakwenda kufanya kazi gani.

Kijana wangu wa Muleba sasa ni mtu mzima. Anafundisha mafundi wenzake usalama wa kazi, na hutumia mkono wake kama kitabu. Tangu siku ile sijasaini mchoro wowote wa chujio kabla sijaandika pembeni, kwa kalamu, upana wa mdomo wa kunjo baada ya ukoko. Ikiwa namba inanitia aibu, mchoro unarudi mezani, hata kama tangi litakuwa ghali.

Namaliza kwa swali kwa ajili ya kidato cha tatu na kuendelea. Silinda ni ile ile, ukoko ni ule ule. Mkuu wenu wa kazi anasema silinda 7 ni nyingi, lakini yuko tayari kununua 5. Kila silinda itahitaji makunjo 80. Tafuteni eneo, mtaona kwamba linatimia mita 20 kamili. Kisha tafuteni mdomo. Mtapata milimita 1.5 hivi. Si 0.3 yangu, wala si 3.4 ya usalama. Je, mngesaini? Msinijibu hapa. Pimeni kwanza vumbi lenyewe, jueni linanata namna gani. Na kila atakayesaini akumbuke kwamba iko siku mzee mmoja atampa kigoda, kisha atamuuliza kama alijua.